Picha Moja kwa Siku: Mgonjwa Ashika Kalamu

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Msemo huu, ndugu msomaji, watufaa sana tuitafakaripo tiba ya magonjwa ya akili; kwani humo daktari ndiye aandikaye faili, na mgonjwa ndiye aandikwaye.

Mwaka 1997 msanii mmoja wa Uingereza, Bobby Baker, alianza kuhudhuria kituo cha kutwa cha wagonjwa wa akili. Hapo akajiwekea desturi ya kuchora picha kila siku. Mwanzoni alichora kwa ajili ya nafsi yake tu. Baada ya miaka 11 picha hizo zilifika 711, na mwaka 2009 picha 158 miongoni mwazo zilionyeshwa hadharani mjini London. Zaeleza uchungu wake, dawa alizomeza na wataalamu aliokutana nao, mara kwa huruma, mara kwa kejeli kali.

Mwaka huo huo wa 2009, mchoraji wa Marekani, Jake Parker, alianzisha zoezi liitwalo Inktober: picha moja ya wino kila siku ya Oktoba, yaani picha 31. Ndani ya mwezi huo, tarehe 10, ndipo huadhimishwa Siku ya Afya ya Akili Duniani, iliyoanza mwaka 1992. Kwa mtu atakaye kuikosoa tiba kwa katuni, zoezi kama hilo ni silaha njema. Sisi tuliolelewa katika gwaride twaijua nguvu ya jambo dogo lirudiwalo kila alfajiri. Picha moja yaweza kupuuzwa kuwa ni hasira za siku moja. Lakini picha 31 mfululizo ni ushahidi: leo mikono yatetemeka kwa dawa; kesho mlango umefungwa bila maelezo; keshokutwa daktari aitazama faili, wala hamtazami mtu.

Afrika Mashariki yaijua vema hatari ya kalamu kushikwa na upande mmoja. Daktari J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika mwaka 1953 kwamba fikra za Mwafrika zafanana na za Mzungu aliyepasuliwa ubongo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikachapisha taarifa yake iliyoutafuta mzizi wa Mau Mau katika akili na hofu za Wakikuyu. Wagonjwa wa Mathari hawakuulizwa wangejichoraje wao wenyewe.

Hatusemi hospitali zibomolewe. Wako wengi waliookolewa na dawa, na wauguzi wengi hufanya kazi yao kwa moyo. Twasema tu kwamba kukosoa si uadui. Kamanda asiyesikiliza taarifa ya askari aliye mstari wa mbele huwapeleka watu wake maangamizini. Na daktari asiyemsikiliza mgonjwa hutibu jina la ugonjwa, si mtu.

Miongoni mwetu wanajeshi wamo waliorudi vitani na miili mizima lakini roho zimejeruhiwa, wakanyamaza wasije wakaitwa waoga. Huenda mdomo ukashindwa kulisema jambo ambalo mkono waweza kulichora. Basi hao nao wapewe karatasi na kalamu. Na sisi tulio wazima tuwe na ushujaa wa kutazama.