Wosia wa enzi za kazi haumtoshi mstaafu

Mtumishi wa serikali nchini Kenya anapotimiza umri wa miaka 60 na kustaafu, mali yake hubadilika sura. Mshahara hukoma na kiinua mgongo huingia benki. Baada ya muda, pesa hizo huwa zimegeuka ng'ombe wa maziwa, nyumba za kukodisha au ekari mbili za majani chai. Lakini wosia, kwa wale waliouandika, hubaki kabatini ukizungumzia mali ya zamani.

Hapo ndipo mbegu ya ugomvi hupandwa. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ambayo ilianza kutumika Julai 1, 1981, humruhusu mtu mzima mwenye akili timamu kubadilisha wosia wake wakati wowote angali hai. Kwa Waislamu, urithi hufuata sheria ya dini, ambapo wosia hauwezi kuvuka theluthi moja ya mali.

Jambo la kwanza la kuchunguza ni ndoa. Mjane au mtalikiwa anayeoa au kuolewa tena uzeeni anapaswa kujua kwamba ndoa mpya hufuta wosia wa awali, isipokuwa kama uliandikwa kwa kutazamia ndoa hiyo. Asipoandika mwingine, mali yake itagawanywa kana kwamba hakuacha wosia.

La pili ni mali iliyouzwa. Chukua mfano wa mzee aliyemwandikia bintiye shamba, kisha akaliuza ili ajenge nyumba za kukodisha mjini. Akifariki kabla ya kurekebisha wosia, shamba halipo na binti hana haki ya kudai nyumba hizo badala yake. Nazo nyumba, ikiwa wosia hauna kifungu kuhusu mali ambayo haikutajwa, zitagawanywa kwa kanuni za asiyeacha wosia.

La tatu ni vifo na umri. Huenda aliyeteuliwa kusimamia mirathi amefariki au amezeeka kumshinda mwenye wosia. Ni busara kutaja msimamizi wa akiba, na pia kueleza nani atachukua fungu la mrithi atakayetangulia kufa.

La nne ni wategemezi. Mke, mume au mtoto aliyesahaulika anaweza kuiomba mahakama imtengee sehemu ya kumfaa, hata kama wosia ulitiwa sahihi ipasavyo. Binti aliyeolewa naye ni mtoto mbele ya sheria. Katika kesi ya Rono dhidi ya Rono mwaka wa 2005, ambapo marehemu hakuacha wosia, Mahakama ya Rufaa ilikataa mabinti kupewa ardhi kidogo kuliko wana wa kiume kwa sababu tu wangeolewa.

Hata hivyo, kuna pesa ambazo wosia hauzigusi kabisa, na hapa ndipo wengi huteleza. Chini ya Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya 1997, mafao ya mwanachama wa mpango wa pensheni anayefariki hayahesabiwi kuwa sehemu ya mirathi. Wadhamini huyalipa kwa kufuata kanuni za mpango, wakiongozwa na fomu aliyojaza mwanachama kuwataja wateule wake. Vyama vya ushirika, vikiwemo vile vya akiba na mikopo, navyo huwa na fomu ya mteule. Bima ya maisha pia humtaja wa kulipwa.

Kijana aliyeajiriwa akiwa kapera wa miaka 25 huenda alimwandika kakake. Miaka 35 baadaye ana mke na watoto wanne, lakini jina katika fomu ni lile lile. Wosia mpya, hata ukiandikwa na wakili hodari, haubadilishi fomu hiyo. Mstaafu hana budi kwenda katika kila afisi husika na kujaza nyingine. Naye aliyenunua pensheni ya maisha kutoka kampuni ya bima aulize kama mwenzake ataendelea kulipwa akifariki.

Ardhi nayo ina masharti yake. Hatimiliki ikionyesha kuwa mume na mke wanamiliki shamba kwa pamoja bila kutengewa hisa, anayesalia ndiye hulichukua, wosia useme usemavyo. Na mzee anayetaka shamba lake la kilimo ligawanywe katika vipande vyenye hatimiliki tofauti akumbuke kwamba, hata kwa njia ya wosia, ugawaji huo huhitaji idhini ya bodi ya kusimamia ardhi ya eneo hilo.

Kurekebisha wosia si kukwaruza jina kwa kalamu. Badiliko lolote lisilotiwa sahihi na kushuhudiwa kama wosia wenyewe halina nguvu. Njia salama ni kuandika mpya unaotangaza kufuta ule wa awali, mbele ya mashahidi wasiopungua wawili. Mrithi asiwe shahidi, kwani anaweza kupoteza alichoachiwa.

Pamoja na wosia, mstaafu aandae orodha ya nambari za hatimiliki, akaunti za benki na simu, hisa, nambari ya mkulima katika kiwanda cha chai au chama cha kahawa, na madeni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pesa ambazo hakuna anayezidai katika benki huishia kwa mamlaka iliyoundwa chini ya sheria ya 2011 kuhifadhi mali ya kifedha isiyodaiwa, na warithi hulazimika kuzifuata huko, wakizijua.

Faili hiyo ipitiwe kila baada ya miaka miwili au mitatu, na kila kunapotokea ndoa, kifo, kuzaliwa kwa mtoto au mauzo ya shamba. Kisha msimamizi aelezwe mahali wosia ulipo, kwa sababu usiopatikana hauna tofauti na ambao haukuandikwa.