Baki Katika Hesabu ya Kugawanya

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipitisha bidhaa mabegani mwa wapagazi, na kwa desturi kila mpagazi alichukua mzigo wa kadiri ya frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Tuseme shehena ni frasila 75 za shanga: tukizigawanya kwa 2, twapata hisa 37, na frasila 1 hubaki. Baki daima huwa ndogo kuliko idadi tunayogawanya kwayo, kwani lau ingalilingana nayo, ingalitimiza hisa nyingine kamili. Na usahihi wa jawabu hudhihirika tukizidisha 37 kwa 2, kisha tukajumlisha 1. Walakini mwanafunzi asidhani kazi imekwisha, maana baki yataka hukumu ya akili: shehena haiachwi njiani, basi wapagazi wanaohitajika ni 38.