Baridi ya Wenzetu, Msimu Wetu: Tijara ya Ndege na Picha Kutoka Sabaki Hadi Kilifi

Mtu akitaka kuijua tijara hii ninayoiandika habari zake asianzie hotelini wala ofisini, bali ateremke Hori ya Mida siku ya bamvua, mwishoni mwa Januari, kaskazi inapovuma kavu na mbingu ikiwa nyeupe, muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa, asimame juu ya ujia wa mbao uliopita katikati ya mikoko, atazame jinsi maji yanavyopanda juu ya tope kidogo kidogo na kuwasukuma mbele yake ndege kwa mamia na maelfu, vitwitwi na sululu na wale weupe wenye migongo myeusi walao kaa, hata wakawa karibu kiasi ambacho asiye na darubini aweza kuwahesabu. Hapo atawaona wapigapicha, Waingereza na Wajerumani na Waholanzi, na siku hizi watu wa Nairobi pia, wamenyamaza kimya nyuma ya lenzi zao ndefu. Na kando yao kijana wa Dabaso au wa Mida, suruali ameikunja hadi magotini, ambaye hana kamera hata moja, lakini ndiye aliyewaambia waje leo wala si jana, na wasimame hapa wala si pale. Kijana huyo ndiye mhimili wa biashara yote, na ujira wake, kwa kadiri nilivyochunguza, ndio mdogo kuliko wa wote wanaohusika.

Asili ya biashara yenyewe ni baridi. Majira haya, maziwa ya kaskazini ya dunia yameganda: Ziwa Baikal la Siberia hugeuka sakafu ya barafu inayopitiwa na magari, na wapigapicha huliendea Februari na Machi kwa ajili ya barafu ile ile jinsi inavyong'aa, na katika kisiwa cha Hokkaido, huko Ujapani, kandokando ya Ziwa Kussharo, ambako chemchemi za maji ya moto huzuia ufuo usigande, mabata wakubwa weupe hukusanyika katika mvuke na theluji, na watu husafiri kutoka mabara mengine kwenda kuwapiga picha. Wale wenzetu wamejua kuifanya baridi kuwa bidhaa. Sisi wa pwani hii, ambao aghalabu hatujaiona theluji ila katika picha, bidhaa yetu ni kimbilio la wanaoihama: kitwitwi mwenye mdomo uliopindika, ambaye huzaa katika nyika za baridi za kaskazini mwa Siberia, huja kula kwetu kwa miezi saba au minane, na yule mla kaa, ambaye peke yake miongoni mwa ndege wa jamii yake huchimba shimo mchangani na kutaga humo, hutoka visiwa na fukwe za Ghuba na Bahari ya Arabuni, njia ile ile waliyoijia manahodha wa Sur na Maskati. Na mtalii wa Ulaya, tukisema kweli, naye huja kwa sababu iyo hiyo.

Kwa hiyo si biashara ngeni kama vijana wanavyodhani. Neno lenyewe msimu tumelipata kwa Waarabu waliozihesabu pepo na kuzifuata, na pwani hii ilizoea tangu kale kuishi kwa kinacholetwa na upepo na kuondoka nao. Hata kusafirisha kitu cha kutazamwa tu, kisichoweza kuliwa wala kuvaliwa, si bidaa: mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga katika baraza la mfalme wa Uchina, na thamani ya mnyama yule ilikuwa machoni mwa watu, si nyamani. Kilichobadilika ni kwamba mali zilizokuwa zikikatwa na kupakiwa sasa huachwa zisimame. Boriti za mikoko ndizo zilizoezeka nyumba za Arabuni kwa karne nyingi, na biashara ya kuzipeleka nje ilidumu mpaka serikali ilipoipiga marufuku mwaka 1982; leo mkoko uliosimama pale Dabaso ndio unaoilisha jamii ya watu waliojenga mkahawa wao juu ya maji katikati ya miti, wakafuga kaa na kuwapikia wageni, na mti ule ukikatwa mkahawa hauna tena sababu ya kuwapo.

Sheria ilitangulia biashara, jambo ambalo ni nadra. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, zikawa za kwanza za namna yake nchini Kenya, na Mida ikaingia katika himaya ya Watamu; mwaka 1979 UNESCO ikaitambua sehemu hii ya bahari kuwa hazina ya viumbe ya dunia, na mwaka 2019 ikaiongezea Msitu wa Arabuko-Sokoke. Msitu huo, wenye eneo la kilomita za mraba 420 hivi, una bundi mdogo wa Sokoke, ambaye mgeni hawezi kumpata bila mwongozaji anayejua ni kichaka kipi alichokilalia mchana wa leo, na una sange mwenye kiuno cha dhahabu, na mnana wa Clarke ambaye hapatikani popote duniani ila katika kaunti hii ya Kilifi. Wapo wageni waliovuka bahari mbili kwa ajili ya bundi yule peke yake, wakamwona kwa dakika kumi, wakarudi kwao wameridhika.

Lakini yafaa tukumbuke kwamba wakulima wengi waliopakana na msitu walikuwa wakiutaka ukatwe wagawiwe mashamba, na walikuwa na hoja, maana ndovu wa mle ndani walikula mahindi yao na msitu haukuwapa kitu. Mradi wa Kipepeo ulioanzishwa Gede mwaka 1993 ndio uliofungua mlango: wakulima wakafundishwa kufuga vipepeo, wakauza pupa zao zikiwa bado usingizini, zikasafirishwa kwa ndege hadi nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani, na mwenye kuuza akaelewa kwamba kipepeo mama yumo msituni. Mida nako, tangu mwaka 2001, shirika la A Rocha Kenya limeendesha mpango ambao ada ya mgeni anayepita juu ya ujia wa mbao husaidia kulipa karo za sekondari za watoto wa vijiji vilivyo kando ya hori na msitu. Mipango hii miwili naitaja kwa heshima, maana ni miongoni mwa michache ninayoijua ambayo fedha ya mgeni yaweza kufuatwa kwa macho kutoka mfukoni mwake hadi daftarini mwa mtoto.

Sasa tuingie katika hesabu ya siku moja. Mgeni mpigapicha hulala Watamu, au Malindi, au kando ya Hori ya Kilifi. Hulipa chumba, na sehemu kubwa ya malipo hayo, hasa akiwa amenunua safari nzima kwao kabla ya kuondoka, haifiki pwani kabisa. Hulipa gari. Hulipa ada ya Shirika la Wanyamapori, KWS, akiingia hifadhini, na akiwa na nia ya kuuza picha zake hutakiwa apate idhini mahsusi. Hulipa mashua na nahodha wake. Mwishoni kabisa, mara nyingi kwa kupatana huku amekwisha kuchoka kutoa, humlipa mwongozaji. Na nini alichokinunua kwa mwongozaji? Amenunua elimu ya maji mafu na bamvua, ya kujua ni saa ngapi maji yakijaa mwanga utakuwa nyuma ya mpiga picha na ni saa ngapi utamchoma machoni. Amenunua kujua fungu lipi la mchanga hubaki la mwisho kuzama, hata ndege wote wakabanana pale. Amenunua macho yaliyomtambua mwewe kabla hajashuka na kulitawanya kundi. Elimu hiyo kijana aliipata kwa babu yake aliyevua kwa uzio na kwa jarife, akaiongezea majina ya ndege kwa Kiingereza na kwa Kilatini, na kila Januari, ndege wa majini wanapohesabiwa nchini kote, huitwa kusaidia kuhesabu. Lenzi moja ya kupigia ndege thamani yake yaweza kupita ile ya mashua na injini yake pamoja. Lakini lenzi bila elimu hiyo hupiga picha ya tope.

Niliwahi kuona katika ukumbi wa hoteli moja ya hapa pwani kalenda iliyochapishwa ng'ambo, na mwezi wa Februari ulikuwa na picha ya ndege walao kaa wakiruka juu ya mikoko, picha ya kupendeza mno, ambayo mikoko yake niliitambua kama mtu anavyotambua ua wa nyumba yao. Chini yake paliandikwa jina la mpiga picha na neno Afrika. Hapakuwa na Mida, wala Kilifi, wala Kenya, sembuse jina la aliyempeleka. Sikukasirika kwa ajili ya fahari. Nilihuzunika kwa ajili ya biashara, maana jina la mahali ndilo alama ya bidhaa, na bidhaa isiyo na alama haiwezi kupanda bei. Maadamu picha ya Mida inauzwa kama picha ya popote, kijana wa Mida ataendelea kulipwa kama kijana wa popote.

Ndiyo maana nafurahi nikiona waongozaji wetu wakianza kupiga picha wao wenyewe, baadhi yao kwa simu tu iliyogandamizwa kwenye jicho la darubini kubwa ya miguu mitatu, na picha zikatoka safi hata mgeni mwenyewe akaziomba. Hao hawana gharama ya hoteli wala ya tikiti, na msimu mzima wako hapa. Wanachokosa ni mtaji, na mahali pa kuuzia, na mtu wa kuwafundisha haki ya mwenye picha ni ipi.

Upande wa Malindi mambo yako nyuma kidogo, ingawa utajiri ni mkubwa. Mlango wa Mto Sabaki, ambapo maji mekundu ya bara huingia baharini, hukusanya membe na shakwe kwa makundi ambayo jioni huifunika michanga, na pengine heroe. Na kaskazini zaidi, mashamba ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni huwapa ndege malisho bila wenye chumvi kukusudia. Marafa kuna bonde la Nyari, lililomong'onyoka kwa mvua likaacha minara ya udongo mwekundu na mweupe, ambalo wageni hulifikia karibu na magharibi kwa ajili ya rangi. Kote huku njia ni mbaya na waongozaji ni wachache.

Hatari za biashara hii hazitoki kwetu, na hilo ndilo linalotia uchungu. Uwanja wa ndege wa Malindi hauwezi kupokea ndege kubwa, kwa hiyo mgeni wa ng'ambo aghalabu hushukia Mombasa na kusafiri kilomita 120 hivi kwa gari. Mei 2014, Uingereza ilipowaonya raia wake juu ya Mombasa, wageni waliondolewa katika siku chache na hoteli zikafunga. Mwaka 2020, kwa ajili ya Korona, ndege za kimataifa zilisimama tangu Machi hadi Agosti, na kaunti ya Kilifi ikafungwa hakuna kuingia wala kutoka. Ndege wa Mida walikuwapo kama kawaida. Waliokosekana ni watazamaji. Halafu likaja jambo la mtambo wa nyuklia uliokusudiwa kujengwa Uyombo, mdomoni mwa hori yenyewe, ambalo lilipingwa na wanavijiji mwaka 2024 hata wakakabiliana na polisi. Na mimi naona walikuwa na haki kuuliza, kwani rasilimali yao ni tope, na tope likiharibika hakuna benki itakayowakopesha lingine.

Lipo bado jambo moja ambalo wenye hoteli hawajalitia maanani vya kutosha, nalo ni kwamba baridi ni mbili. Kaskazi ikiisha na kusi kuanza, ni zamu ya nusu nyingine ya dunia kupata baridi, na nyangumi wa nundu hutoka bahari za ncha ya kusini wakapita mbele ya Watamu na Kilifi kati ya Julai na Septemba kuja kuzaa katika maji ya moto. Mashua za wavuvi wa burudani, ambazo zamani zilikaa bure miezi hiyo, sasa huwapeleka watu kuwatazama. Na pale Sabaki, kusi hiyo hiyo huleta ndege wa Bukini, afananaye na mbayuwayu mkubwa, anayeikimbia baridi ya kwao.

Hata msimu wa kaskazi wenyewe tunaufunga mapema. Wageni wa Ulaya huondoka kabla au mara baada ya Pasaka, hoteli hupunguza watumishi, mashua hupandishwa ufuoni kutiwa kalafati. Na hapo hapo, mwishoni mwa Machi na katika Aprili, vitwitwi waliokuwa wa kijivu tangu Septemba hubadili manyoya wakawa wekundu kama tofali jipya, hunenepa kwa safari, na jioni moja, jua likishatua, kundi huinuka na kupiga kelele na kushika njia ya kaskazini. Ndizo siku nzuri kupita zote za kuwapiga picha, na ndizo siku ambazo mwongozaji hana kazi. Kijana mmoja wa Mida aliniambia kwamba mwaka huu, kwa bamvua ya mwanzo wa Aprili, amepata wapigapicha wawili wa Nairobi, ambao aliwaandikia mwenyewe na kuwaonyesha picha alizozipiga kwa simu Aprili iliyopita. Bei aliwatajia yeye, na walipomwomba apunguze aliwatumia picha moja zaidi, ya ndege mwekundu akiwa peke yake juu ya fungu, wakalipa.