Wangapi wamo sakafuni mwa bahari?

Msomaji, chukua mfano wa magunia mawili ya maharagwe ya kuchanganywa: rosekoko, nyayo, mwitemania na mengineyo. Wewe umechota kikombe kimoja kutoka kwa gunia lako, ukapata aina 3. Jirani amechota debe zima kutoka kwa lake, akapata aina 7. Je, gunia lake lina aina nyingi kuliko lako? La hasha, huenda ni kwa sababu amechota mengi tu.

Hilo ndilo tatizo la wataalamu wanaochunguza konokono, chaza, kome na jamaa zao, ambao kwa jumla huitwa moluska, katika sakafu ya bahari. Meli hushusha chombo cha kuzoa matope, matope yakachekechwa, kisha viumbe wakatenganishwa mmoja mmoja kwa hadubini. Kazi ya kuumiza macho! Wala si mchezo wa wasomi. Mahali panapotakiwa kuchimbwa bandari pakichotwa kikombe tu, pataonekana hapana kitu cha kuhifadhiwa.

Mnamo 1968 Howard Sanders, wa taasisi ya Woods Hole huko Marekani, alitoa njia ya kulinganisha. Aliuliza: lau debe lingepunguzwa hadi kuwa kikombe, lingesalia na aina ngapi? Hesabu yake ilikuwa na kasoro, ikarekebishwa na Stuart Hurlbert mwaka 1971, lakini wazo lenyewe lingali linatumika. Kwa njia hiyo Sanders alionyesha kwamba matope ya kilindini, penye giza na baridi kali, yana aina nyingi za chaza na minyoo kuliko pwani za nchi baridi.

Hata hivyo njia hii hulinganisha tu, haitoi jumla. Jumla ndiyo taabu. Huko Koumac katika kisiwa cha New Caledonia, bahari ya Pasifiki, kikosi cha Philippe Bouchet wa makumbusho ya Paris kilipekua eneo la kilomita 295 mraba, katika vituo 42. Matokeo yalichapishwa 2002: aina 2,738 za moluska! Lakini karibu thuluthi moja ya aina hizo zilionekana katika kituo kimoja pekee, na katika kila aina 5, moja ilipatikana mara moja tu, kiumbe mmoja, basi. Kama wangechota mara ya 43, pengine wangepata wengine wapya.