Kitambaa cha juu ya gari kikianguka

Gari tunalopandia kwenda sokoni lilianza kutuangukia kichwani. Kitambaa cha juu kilishuka kama tumbo, shofa akiangalia kioo cha kati haoni nyuma. Hapo tukajua si mambo ya urembo tu.

Mara ya kwanza tulipaka kole juu ya sponji ya zamani. Kosa letu. Sponji ile, kwa joto na miaka, inageuka unga. Kole inashika unga, haishiki ubao. Kabla ya mwezi kuisha kikaanguka tena.

Mara ya pili tulitoa ubao wote nje, tukausugua kwa brosi mpaka sponji yote ikaisha, pua tumezifunga. Tukapaka kole pande mbili, ubaoni na kwenye kitambaa kipya, tukangoja mpaka kidole hakinati. Tukaanza katikati, tukipapasa kwenda pembeni. Penye tundu la dirisha la juu tulikata kutoka katikati hadi pembe nne, tukakunja ncha nyuma ya ubao. Kifuniko kinachoteleza kinataka kitambaa chembamba, la sivyo kinakwama.

Kole ile inawaka na harufu yake ni mbaya: fanyeni uani, mbali na mbabula, watoto na wenye mimba wasikaribie. Gari lenye mifuko ya hewa pembeni juu, sisi tunamwachia fundi.

Na dirisha lenyewe lilikuwa linavuja! Vimipira vya kutolea maji kwenye pembe zake vilijaa vumbi. Tulivizibua kwanza, tukamimina kikombe cha maji, yakatokea chini ya gari.