Mabuu wa Nzi kwa Kuku Wako: Pima Mabaki Kwanza, Kisha Utafute Mbegu

Kila mfugaji wa kuku anajua kwamba chakula ndicho kinachomeza sehemu kubwa ya gharama. Na ndani ya gunia la chakula, kinachopandisha bei zaidi ni protini, yaani omena na soya. Omena huliwa na watu pia, kwa hivyo mfugaji hushindana na sufuria ya nyumbani. Soko likikauka, wengi hupunguza protini kimyakimya, kisha hushangaa mayai yanapopungua.

Hii ndiyo sababu ufugaji wa nzi askari mweusi, ambaye wauzaji wengi humwita BSF, umeenea nchini. Mabuu wake hula mabaki ya jikoni na sokoni, na kuku huwapenda mno. Wakikaushwa, takriban asilimia 40 ya uzito wao huwa protini. Lakini kabla hujatoa pesa, kumbuka jambo moja: kinachoamua kama utafaulu ni mabaki safi unayoweza kupata kila siku. Nzi wenyewe si kazi kubwa.

Ni nzi gani huyu?

Nzi askari mweusi si nzi wa nyumbani. Ni mrefu na mwembamba, na kwa mbali hufanana na nyigu, ila hana mwiba wala haumi. Akishakuwa mkubwa, huhitaji maji tu na huishi siku chache. Kwa kuwa hatui kwenye chakula cha watu, hasambazi magonjwa kama yule wa chooni na jikoni.

Kuna watu huwaita mabuu wake funza. Wasikutishe: hawa hawana uhusiano wowote na funza wanaoingia miguuni.

Maisha yake ni mzunguko mfupi. Jike hutaga mayai yapatayo 500 kwenye nyufa kavu zilizo karibu na kitu kinachooza. Mayai huanguliwa baada ya siku 4 hivi. Mabuu hula kwa takriban wiki mbili kukiwa na joto la nyuzi 27 hadi 30, kisha hugeuka rangi kuwa kahawia iliyokoza, huacha kula na kutafuta pakavu. Hapo hugeuka pupa, na baada ya wiki mbili au zaidi nzi mpya hutoka. Katika maeneo ya baridi hatua zote hizi huchukua muda mrefu zaidi, kwa hivyo weka vyombo ndani ya banda lililozibwa upepo.

Hesabu ya kuku 20

Tuchukue mfano wa mkazi mwenye kuku 20 wa mayai. Akimpa kila kuku gramu 20 za mabuu wabichi kwa siku, atahitaji gramu 400 kila siku.

Beseni la sentimita 60 kwa 40 hutosha mabuu 10,000 waliofikisha siku 5. Kwa muda wa siku 12 watakula karibu kilo 15 za mabaki mabichi. Buu aliyekomaa huwa na takriban gramu 0.2, kwa hivyo 10,000 wangetoa kilo 2. Wengine hufa njiani. Ukipata kilo 1.6, umelisha kuku 20 kwa siku 4.

Maana yake ni kwamba unahitaji kuanzisha beseni jipya kila baada ya siku 4, na mabeseni 3 yatakuwa kazini kwa wakati mmoja. Mabaki yanayohitajika ni karibu kilo 4 kila siku, bila kukosa. Jikoni la familia moja ni vigumu kutoa kiasi hicho. Itabidi uelewane na mama mboga, kibanda cha chakula au mwuza matunda, na uwape ndoo yenye kifuniko ya kutenga maganda.

Kwa hivyo anza hivi: kwa wiki moja, kabla ya kununua chochote, pima mabaki unayoweza kukusanya kila siku. Ukipata kilo 1, anza na beseni moja na uwape kuku mabuu kama kitoweo cha ziada.

Vilevile usidanganyike kwamba mabuu watachukua nafasi ya chakula chote. Kuku wa mayai hula takriban gramu 120 kwa siku, na karibu theluthi mbili ya uzito wa buu mbichi ni maji. Mabuu husaidia kupunguza omena na soya. Nafaka, madini na chokaa ya maganda ya mayai bado vinahitajika.

Jinsi ya kuanza

1. Tafuta mbegu. Nunua mayai au mabuu wadogo kwa mfugaji ambaye umeona banda lake. Gramu moja ya mayai huwa na takriban mayai 40,000, kwa hivyo robo gramu yatosha beseni moja. Katika maeneo ya joto unaweza pia kuwavutia nzi wa porini: weka ndoo ya matunda yaliyochacha kivulini, na juu yake ufunge vipande vya mbao vilivyoachiana nafasi ndogo. Majike watataga katikati ya mbao hizo.

2. Hesabu kwa kijiko. Mabuu wakifika siku 5, hesabu waliomo kwenye kijiko kimoja cha chai, kisha zidisha. Wakizidi sana hudumaa. Wakipungua sana chakula huoza na kunuka.

3. Lisha kwa awamu. Usimwage kilo 15 kwa mara moja. Gawa mara tatu: siku ya kwanza, ya 5 na ya 8. Katakata mabaki vipande vidogo na tandaza kina kisichozidi sentimita 5.

4. Angalia maji. Finya mabaki mkononi. Yakitoa matone machache kati ya vidole, yako sawa. Yakitiririka, ongeza pumba au vumbi la mbao ambazo hazikutiwa dawa.

5. Zuia maadui. Simamisha miguu ya meza ndani ya mikebe yenye maji na mafuta kidogo ili siafu na sisimizi wasipande. Funika mabeseni kwa wavu dhidi ya panya, mijusi na ndege.

6. Vuna na utenge mbegu. Chekecha mabuu siku ya 12, kabla hawajageuka weusi. Acha mia kadhaa waendelee hadi wawe pupa, uwaweke penye giza na ukavu, kisha uwahamishie kwenye kizimba cha chandarua kinachopata mwanga wa jua. Bila mwanga huo hawapandani vizuri. Wawekee kitambaa chenye maji na mbao za kutagia.

Kinachobaki kwenye beseni usikitupe. Kichanganye na mboji hadi kiive, kisha utie kwenye sukuma wiki au mahindi.

Usiwalishe nini

Buu hula karibu kila kitu, na hapo ndipo hatari ilipo. Atakachokula kitafika kwa kuku, na kupitia yai kitafika mezani kwako.

Usichukue taka za jalalani zilizochanganyika na betri, rangi au vyuma. Metali nzito kama kadimiamu hujikusanya ndani ya mwili wa buu, na kupika hakuziondoi. Usitumie kinyesi cha aina yoyote kwa mabuu watakaoliwa na kuku. Epuka nyama na samaki waliooza, mboga zilizotoka kupuliziwa dawa, na mahindi yaliyoota kuvu.

Kama huna hakika na usafi wa mabaki, watumbukize mabuu kwenye maji yanayochemka kwa dakika chache, kisha uwaanike juani hadi wakauke na kuvunjika mkononi. Hii hupunguza vijidudu, na mabuu waliokaushwa hukaa muda mrefu kwenye chombo kilichofungwa. Kumbuka hata hivyo kwamba kuchemsha hakuondoi sumu za kemikali.

Sheria na majirani

Kuzoa taka ni jukumu la kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba, lakini kutenganisha taka huanzia kwako. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inatutaka tutenge taka zinazooza na zisizooza. Anayefuga mabuu tayari anatimiza sehemu hiyo, na kupunguza mzigo unaoishia jalalani.

Ukifuga kwa ajili ya kuku wako, zingatia majirani. Banda linalonuka ni dalili ya chakula kingi au maji mengi, na jirani ana haki ya kumwita afisa wa afya ya umma. Ukitaka kuuza mabuu waliokaushwa kwa watengenezaji wa chakula cha mifugo, fahamu kwamba shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, lilitoa viwango vya bidhaa hizo mwaka 2017. Uliza kuhusu viwango hivyo kabla ya kujenga banda kubwa.

Jihadhari pia na mwuza mbegu anayekuahidi kwamba atanunua mavuno yako yote kwa bei ya juu. Omba mkataba ulioandikwa, na ujiulize: asiponunua, kuku wangu watawamaliza mabuu hawa? Jibu likiwa ndiyo, hutapata hasara kubwa.

Kwa ushauri zaidi, fika katika ofisi ya afisa wa kilimo na mifugo wa wadi yako. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilichoko Kasarani, Nairobi, pia kimefanya utafiti mwingi kuhusu nzi huyu. Ukija, leta mambo mawili yaliyoandikwa: idadi ya kuku ulio nao, na kilo za mabaki ulizopima kwa wiki moja. Kwa hayo mawili, afisa ataweza kukuambia uanze na mabeseni mangapi.