Kazi za Mtandaoni: Pesa Inaonekana, Lakini Je, Itatoka?



Mwaka jana tulialikwa kwenye mkutano wa kikundi kimoja cha akina mama upande wa Bahati, si mbali na jiji la Nakuru. Ajenda ilikuwa ya kawaida: kusoma kumbukumbu, kupokea michango, kurudisha mikopo. Mkopo mmoja ulikuwa umechelewa. Binti wa mmoja wa wanachama, kijana aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa amekopeshwa shilingi 18,000 akanunua kompyuta ndogo ya mitumba ili afanye kazi za mtandaoni. Wadhamini walikuwa mama yake na shangazi yake.

Mweka hazina akamwuliza kwa upole, "Sasa binti, hiyo pesa uliyosema utapata iko wapi?"

Yule binti akafungua kompyuta, akamwonyesha. "Iko hapa, mama. Lakini haitoki."

Na kweli ilikuwa hapo. Dola 96, zimeandikwa kwa rangi ya kijani. Alikuwa amefanya kazi usiku kwa miezi mitatu, akijibu maswali na kupanga picha, huku akinunua bando la shilingi 50 karibu kila siku. Kampuni ile ilikuwa na sharti kwamba huwezi kutoa pesa mpaka ufikishe dola 80. Alipofikisha, akabonyeza mahali pa kutoa, na hapo kwa mara ya kwanza akaulizwa benki yake iko nchi gani. Akapewa orodha achague. Akasoma mpaka Japani, na baada ya Japani ikaja Latvia. Kenya haikuwemo.

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alijiandikisha kwa namba ya Safaricom ikakubaliwa. Alisema anaishi Kenya, ikakubaliwa. Kazi alipewa na ikapokelewa. Ni malipo tu ndiyo yaliyokataa.

Tangu siku ile tumekutana na habari kama hiyo Njoro, Molo na Gilgil, na tukaona ni vizuri tuieleze katika ukurasa huu. Vijana wetu wengi wanatafuta riziki kwa njia hii, na vikundi vinaombwa mikopo kwa ajili yake. Hatusemi kazi za mtandaoni ni uongo. Wapo wanaolipwa na wanaosomesha wadogo wao kwa pesa hiyo. Tunachosema ni kwamba kuna kufuli ambalo mara nyingi huwekwa kwenye mlango wa kutokea, si wa kuingilia, na mtu hulikuta akiwa tayari amechoka.

KWA NINI NCHI NYINGINE HUFUNGIWA

Sababu ni kadhaa, na si zote ni za ubaya.

Ya kwanza ni mwenye kununua kazi. Kampuni nyingi za kujibu maswali hulipwa na wauzaji wa bidhaa. Mwenye kuuza sabuni huko Marekani anataka maoni ya mama wa Marekani anayeingia duka la kule. Ni kama mwenye duka Njoro anayetaka kujua kwa nini watu wa Njoro hawanunui mkate wake; hawezi kumlipa mtu wa Lodwar ampe jibu. Ndiyo sababu kijana hujibu maswali kwa dakika kumi na tano, kisha anaambiwa hafai. Kosa si lake, ila muda wake umekwenda.

Ya pili ni kodi na sheria. Kampuni ikimlipa mtu wa nchi nyingine, hapana budi ifuate sheria za huko na za kwao. Nyingine huona ni mzigo, zikaamua kulipa nchi chache tu. Hapa tueleze jambo moja linalowatisha watu bure. Kampuni za Marekani mara nyingi humtaka mfanyakazi wa nje ajaze fomu ya kodi inayoitwa W-8BEN. Fomu hiyo si mtego na hailipiwi. Inasema tu kwamba wewe si raia wala mkazi wa Marekani. Lakini ukiona fomu pekee inayotolewa ni W-9, ujue hiyo ni ya watu wa Marekani, na huenda kazi yenyewe haikukusudiwa wewe.

Ya tatu ni njia ya kupitishia pesa. Hapa kwetu njia zipo. Mwaka 2018 Safaricom na PayPal zilifungua njia ya kuhamisha pesa kutoka akaunti ya PayPal hadi M-Pesa. Wengi husikia hivyo wakadhani mambo yamekwisha. La. PayPal kuwepo Kenya ni kitu kimoja. Kampuni iliyokupa kazi kukubali kutuma pesa Kenya ni kitu kingine. Barabara ikiwepo haina maana kwamba kila gari litapita kwenu.

Ya nne ni udanganyifu. Watu wengi wa nchi moja wakifungua akaunti za uongo, kampuni nyingine hufungia nchi nzima, na wenye haki wanaumia pamoja na wakosaji.

KWA NINI HAWAKUAMBII MAPEMA

Tulijiuliza swali hili sana. Kwa kawaida orodha ya nchi huwa imeandikwa, lakini ndani ya masharti marefu ya Kiingereza ambayo watu hubonyeza "nakubali" bila kuyasoma. Tangazo lenyewe ni moja kwa dunia nzima. Halikuandikwa kwa ajili ya mtu wa Subukia.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Kampuni nyingi humlipa mtu kwa kila mgeni anayemleta. Basi yule anayetuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, "Jiunge hapa, mimi nimelipwa," huenda kweli amelipwa, lakini kwa kukuleta wewe, si kwa kufanya kazi. Pengine hata yeye hajawahi kutoa senti. Si lazima awe mwongo. Huenda naye anangoja kufikisha kiwango.

Tutofautishe pia kazi iliyofungwa na wizi mtupu. Ukiambiwa utume pesa ya kujiandikisha, au "ada ya kufungua akaunti" ili upate pesa yako, hapo usitafute orodha ya nchi. Ondoka. Mwajiri wa kweli hamtozi mfanyakazi ili amlipe mshahara wake. Zipo tozo nyingine za haki, kwa mfano soko la kazi la Upwork huuza tiketi za kuombea kazi, lakini hizo hutajwa wazi tangu mwanzo. Na hata huko Upwork, ambako Wakenya wanakubaliwa, mwenye kazi anaweza kuitenga iwe ya watu wa Marekani pekee.

HATA KAZI YA KWELI HUFUNGWA

Mfano unaojulikana ni wa Remotasks, iliyokuwa chini ya kampuni ya Marekani iitwayo Scale AI. Wakenya wengi walifanya kazi huko: kuchora mistari kwenye picha za barabara, kuweka alama kwenye magari na watu, ili mashine zijifunze kuona. Walilipwa, na wengine walitegemea kazi hiyo kwa kodi ya nyumba. Machi 2024 Remotasks ikafunga shughuli zake Kenya. Watu walijaribu kuingia wakakuta hawawezi. Hapakuwa na ofisi mtaani ya kwenda kuuliza, wala chama cha kuwasemea.

Milango mingine hufunguka pia. Kwa miaka mingi Wakenya waliokuwa na kurasa kubwa za Facebook hawakuweza kulipwa kwa video zao, ingawa wenzao wa nchi nyingine walilipwa. Mwaka 2024 Kenya ikaongezwa kwenye orodha. Kwa hiyo jibu la leo si la milele. Ndiyo maana inafaa kuuliza kila mara, na kutoacha pesa ikae ndani ya akaunti ya kampuni muda mrefu.

Wazee wetu wa Molo na Elburgon wanalielewa hili kuliko vijana. Kuna wakati walipeleka maua ya pareto kwa Bodi na kungoja malipo kwa miaka. Walikuwa na risiti, na hesabu ilikuwa sahihi, lakini hesabu iliyo kwenye karatasi hailipi karo. Dola zilizo kwenye kioo cha kompyuta ni vivyo hivyo.

USIJIFANYE UKO MAREKANI

Kijana akikuta mlango umefungwa, wenzake humpa ushauri wa haraka: tumia VPN, yaani programu ya kuficha mahali ulipo, au nunua akaunti ya mtu wa Marekani. Tunawaomba sana, msifuate njia hiyo.

Kila simu inapoingia mtandaoni hupewa namba, na namba hiyo huonyesha nchi. VPN huificha, ndiyo, na pengine utafanya kazi miezi. Lakini siku ya kutoa pesa huombwa kitambulisho, picha ya uso na akaunti ya benki. Kitambulisho chako ni cha Kenya. Hapo akaunti hufungwa na pesa yote hubaki kwao, na huna pa kulalamika kwa sababu wewe ndiwe uliyevunja masharti.

Akaunti ya kununua ni mbaya zaidi. Malipo hupitia kwa mwenye jina, naye akiamua kula, utamshtaki wapi? Zaidi ya hayo, sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni inamhesabu kuwa na kosa mtu anayetumia kwa hila utambulisho wa mwingine. Na wale wanaokodisha vitambulisho vyao kwa wageni wajue kwamba likitokea baya, jina litakalotafutwa ni lao.

HATUA ZA KUFUATA

1. Anza mwisho. Kabla ya kujiandikisha, tafuta ukurasa wa malipo na usome nchi zinazolipwa. Kama Kiingereza ni kigumu, mwombe mwalimu au mwanafunzi wa sekondari akusomee sehemu hiyo tu. Kuuliza si ujinga.

2. Usiridhike na +254. Kampuni kukubali namba yako ya simu si ahadi ya kukulipa.

3. Uliza aliyelipwa. Mtafute mtu anayeishi Kenya, aliyelipwa miezi ya karibuni, akuonyeshe ujumbe wa M-Pesa au wa benki. Picha ya dola kwenye akaunti si ushahidi.

4. Jaza sehemu ya malipo siku ya kwanza. Ikikataa Kenya, umepoteza saa moja, si miezi mitatu.

5. Toa kidogo, mapema. Ukifikisha kiwango cha chini kabisa, toa. Kiwango hicho kikiwa kikubwa sana, fikiria mara mbili kabla ya kuanza.

6. Weka daftari. Andika saa ulizofanya, bando ulilonunua na pesa iliyofika mkononi. Yule binti wa Bahati alipopiga hesabu nasi, bando peke yake lilikuwa limekula kama shilingi 3,500.

7. Linda kitambulisho. Usitume picha yake kabla hujajua kama nchi yako inakubaliwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kulalamika kwa Kamishna wa Data pale habari zako zinapotumiwa vibaya.

Vijana wanaotaka kuanza wajaribu kwanza mafunzo ya Ajira Digital, mpango ulioanzishwa na serikali mwaka 2016. Huko wanaweza kukutana na wenzao waliokwisha kulipwa, na hiyo ni shule kubwa.

KIKUNDI KIFANYE NINI

Tusiwanyime vijana mikopo kwa sababu ya hofu. Lakini mkopo wa kompyuta uwe kama mkopo wa ng'ombe: kwanza tujue maziwa yatauzwa wapi. Vikundi viwili tunavyofanya navyo kazi vimekubaliana hivi. Kijana aanze kwa simu aliyo nayo, au alipie saa chache saiba. Malipo ya kwanza yakifika kwenye M-Pesa yake, hata yakiwa shilingi 500, alete ujumbe ule kikundini. Hapo mkopo wa kifaa unajadiliwa. Kabla ya hapo, hapana.

Na kwa aliyekwisha kukwama, tusimwite mvivu wala mjinga. Kikundi cha Bahati kilikaa, kikamwongezea binti yule miezi sita bila faini. Dola zile 96 hazikutoka mpaka leo. Kompyuta ameipeleka sokoni. Anachapa barua, anawasaidia watu kuingia eCitizen na kujaza fomu za KRA. Siku za soko anapata kidogo, siku nyingine hapati kitu. Tulipopita mwezi uliopita alikuwa amebakiza shilingi 8,000. Mama yake alituambia kilichomwuma si zile pesa hasa, ila kumwona mtoto akikesha usiku wote ule na hakuna hata mtu mmoja aliyemwambia kwamba hakuwa kwenye orodha.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kijiji chetu kina vijana wangapi wanaofanya kazi za mtandaoni? Ni wangapi wamewahi kupokea pesa mkononi?

2. Ni nani kati yetu anayeweza kuwasomea wengine masharti ya Kiingereza?

3. Je, sheria zetu za mikopo zinasema nini juu ya simu na kompyuta? Tunataka kuongeza nini?